Kompyuta Inayozima Ovyo: Mwongozo Kamili wa Kuituliza RAM kwa Taimingi na Volti

Wiki mbili kabla ya Maulidi, kijana mmoja wa Mkomani aliniletea kompyuta yake dukani Langoni, imeviringwa kanga mbili na kufungwa juu ya punda. Kazi yake ni kupiga video za harusi, na kila Mfunguo Sita hupiga za Maulidi pale Msikiti wa Riyadha. "Ami," akaniambia, "nimeongeza RAM ili iende mbio, sasa haimalizi hata dakika ishirini. Nikianza kutoa video tu, skrini inageuka buluu." Mafundi wawili walikuwa wameshamwambia RAM (kumbukumbu ya muda ya kompyuta) imekufa, anunue nyingine. Kwetu Lamu kununua nyingine ni kuvuka bahari hadi Mokowe, kupanda basi hadi Mombasa, kisha kurudi na kitu usichojua kama kitakubaliana na mashine yako. Nikamwambia, "Iache hapa, mwanangu, tuitazame kwanza."

RAM zake zote nne zilikuwa nzima. Kilichozishinda ni mwendo zilioamrishwa kwenda. Nimekutana na kisa hiki mara nyingi mno, na kinaniuma kuona RAM nzima zikitupwa, kwa hiyo naandika hapa utaratibu wote ninaoufuata.

Kwanza jua kama kweli ni RAM

Kompyuta huzima kwa sababu nyingi. Ikikatika papo hapo kama taa, bila ujumbe wowote, hasa ikiwa na kazi nzito, mimi huanza kushuku saplai ya umeme au joto la prosesa. Umeme unaopanda na kushuka nao hufanya hivyo hivyo. Ikileta skrini ya buluu yenye jina lile lile na faili lile lile la draiva (programu inayoendesha kifaa) kila mara, hapo anza na draiva.

RAM ina tabia yake: makosa hubadilika. Leo ni MEMORY_MANAGEMENT, kesho PAGE_FAULT_IN_NONPAGED_AREA, keshokutwa IRQL_NOT_LESS_OR_EQUAL. Faili la zip ulilolishusha jana likafunguka vizuri, leo linadai limeharibika. Kivinjari kinafunga kurasa chenyewe. Kuweka Windows upya kunakwama katikati, kila mara mahali tofauti. Ukiona mchanganyiko wa namna hii, kaa na RAM. Majina ya makosa ya nyuma utayapata kwenye kabrasha la Minidump lililo ndani ya C:\Windows, na programu ndogo iitwayo BlueScreenView huyasoma.

Kabla ya kugusa chochote, fanya mambo mawili. Nakili kazi zako muhimu kwenye diski ya nje, lakini ziite nakala za wasiwasi na usifute asili zake. Nitaeleza mwishoni kwa nini. Kisha chukua daftari. Utabadilisha tarakimu nyingi, na kichwa cha mtu hakiwezi kuzishika zote. Ingia BIOS (mipangilio ya msingi ya kompyuta), kwa kawaida kwa kubonyeza Delete au F2 mashine inapowaka, na upige picha kwa simu kila ukurasa unaohusu RAM.

Chumvi

Miongozo mingi huruka hatua hii, kwa sababu walioiandika hawaishi kisiwani. Sisi twaishi na upepo wa bahari mwaka mzima, kusi na kaskazi, na chumvi yake huingia hadi ndani ya kasha la kompyuta. Sina hesabu ya mashine nilizozitibu kwa kusafisha tu.

Zima, chomoa waya wa umeme, kisha bonyeza kitufe cha kuwashia sekunde chache ili umeme uliobaki uishe. Gusa chuma cha kasha. Chomoa vijiti vya RAM na utazame meno yake ya dhahabu kwenye mwanga. Yakiwa na weusi au ukijani, pitisha raba laini ya penseli taratibu, bila kukandamiza, maana dhahabu ile ni utando mwembamba sana. Pangusa unga wa raba, kisha futa kwa kitambaa kisicho na nyuzi kilicholowa spiriti safi ya asilimia 99. Ile ya asilimia 70 ya duka la dawa ina maji. Ukiitumia, subiri ikauke kabisa. Sloti zenyewe zipulize kwa pampu ya mkono au brashi kavu. Usipulize kwa mdomo: pumzi ni unyevu, utakuwa umeongeza kile unachokiondoa.

Ukirudisha, sukuma mpaka vibana viitike "tak". Kama ni vijiti viwili kwenye madabodi (bodi kuu) ya sloti nne, mahali pake huwa ni sloti ya pili na ya nne ukihesabu kutoka kwenye prosesa. Nimeona watu wameviweka vya kwanza na vya pili, wakahangaika miezi.

Rudi kwenye msingi, kisha pima

Sasa ingia BIOS na uchague "Load Optimized Defaults". Hakikisha XMP, ambayo nitaieleza punde, imezimwa. Kwenye baadhi ya madabodi za AMD utaiona kwa jina la DOCP au EXPO. RAM itarudi kwenye mwendo wa kawaida, na kwa DDR4, yaani kizazi cha nne cha RAM hizi, huo huwa 2133, 2400, 2666 au zaidi kidogo, kwa volti 1.2.

Hili huwashangaza wengi: namba kubwa iliyoandikwa kwenye kifurushi, mathalani 3600, mara nyingi si mwendo wa kawaida wa RAM ile. Ni mwendo ambao mtengenezaji wake ameupima, akauandika ndani ya kichipu kidogo kilicho juu ya kijiti chenyewe, na XMP ndiyo amri ya kusoma maandishi hayo. Kidhibiti cha RAM, ambacho siku hizi kiko ndani ya prosesa, hakikuapa kuufikia mwendo huo. Ryzen 5 3600, kwa mfano, AMD yenyewe inaitaja kwa RAM ya 3200 ikiwa na vijiti viwili. Ukijaza sloti zote nne, kipimo rasmi hushuka hadi 2933 au 2667 kulingana na aina ya vijiti. Kijana wangu alikuwa na prosesa hiyo hiyo, vijiti viwili vya zamani na viwili vya kampuni nyingine, vyote vinne vimelazimishwa 3200.

Shusha Memtest86+, programu ya bure ya kupima RAM, uiweke kwenye flashi na uwashe kompyuta kutoka kwenye flashi hiyo. Ikikataa kuwaka, zima Secure Boot kule BIOS kwa muda. Iache ipite RAM yote angalau mara nne. Kwa gigabaiti 32 hiyo ni kazi ya usiku kucha. Kosa moja tu ni kosa. Mtu asikwambie "moja si neno", kwa sababu biti moja iliyogeuka ndani ya picha ya harusi ni doa, lakini ikigeuka ndani ya Windows ni skrini ya buluu.

Ikileta makosa hata kwenye msingi, chomoa vyote, pima kijiti kimoja kimoja kwenye sloti ile ile. Kijiti kimoja kikileta makosa na wenzake wasilete, hicho ndicho kibovu na hakuna tarakimu ya BIOS itakayokiponya. Kijiti kizima kikileta makosa kwenye sloti moja tu, shuku sloti, au pini zilizopinda chini ya prosesa, au hata feni ya prosesa iliyokazwa upande mmoja kuliko mwingine.

Ikipita salama kwenye msingi na kuanguka tu XMP inapowashwa, sasa umefika penyewe.

Zidaka: tarakimu zile zina maana gani

Aliyekulia kwenye nyumba ya mawe ya Lamu anazijua zidaka, ule ukuta wa ndani uliochongwa vishubaka safu juu ya safu, vyombo vya kaure vikipangwa humo. RAM ni ukuta wa zidaka wenye mabilioni ya vishubaka. Jambo moja tu linatofautiana: ili kutoa chombo kwenye RAM, lazima kwanza ufungue safu nzima, kisha uchukue kishubaka unachokitaka, halafu uifunge safu ile kabla ya kufungua nyingine.

Ukiona 16-18-18-38 kwenye BIOS, soma hivi. Ya kwanza, CL, ni mizunguko ya saa inayopita tangu kishubaka kiombwe mpaka data ianze kutoka. Ya pili, tRCD, ni muda wa kufungua safu. Ya tatu, tRP, ni muda wa kuifunga. Ya nne, tRAS, ni muda wa chini kabisa ambao safu lazima ibaki wazi. Hizi ndizo taimingi. Tarakimu ikiwa ndogo, RAM inaharakishwa; ikiwa kubwa, inapewa nafasi ya kupumua.

Kuna ya tano ambayo watu huisahau, nayo kwangu imeponya mashine nyingi: tRFC. Kila kishubaka kinashika chaji ndogo ya umeme, na chaji hiyo huvuja. Ndiyo maana RAM yote lazima ijazwe upya ndani ya milisekunde 64, na ikipita nyuzi joto 85 kipimo kinakuwa nusu ya hapo, kwa kuwa joto huongeza kuvuja. tRFC ni muda unaotolewa kwa kazi hiyo ya kujaza. XMP zenye pupa huubana.

Watu huogopa kulegeza taimingi wakidhani mashine itakuwa kobe. Piga hesabu mwenyewe: zidisha CL kwa 2000, gawanya kwa mwendo wa RAM, utapata nanosekunde. CL 16 kwa 3200 ni nanosekunde 10. CL 18 kwa 3200 ni 11.25. Tofauti ni nanosekunde moja na robo, na mwenye kutoa video ya saa nzima hataihisi. (Ukitazama CPU-Z, programu inayoonyesha habari za prosesa na RAM, utaona 1600 badala ya 3200. Usishtuke: DDR hupeleka data mara mbili kwa kila mzunguko.)

Kubadilisha, kimoja kwa wakati mmoja

Utaratibu wangu uko hivi, na sababu ya mpangilio wake ni kuanza na kisichoweza kuunguza kitu.

Washa XMP, kisha shusha mwendo ngazi moja kwa mkono: 3200 iwe 3000 au 2933, 3600 iwe 3466 au 3400. Taimingi na volti ziache zilivyo. Pima. Hapa pekee nusu ya mashine hutulia.

Zisipotulia, weka "Command Rate" (mizunguko RAM inayopewa kupokea amri) iwe 2T. Kwenye Ryzen unaweza badala yake kuwasha "Gear Down Mode", ambayo huibatilisha "Command Rate", ukijua kwamba ikiwashwa CL isiyogawanyika kwa mbili hupandishwa: 15 itakuwa 16.

Kisha legeza. Ongeza CL kwa 2, tRCD na tRP kwa 2, tRAS kwa 4. Mimi siiweki tRAS chini ya jumla ya CL na tRCD ninapotafuta utulivu. Kwa tRFC, chipu za gigabiti 8, ambazo ndizo nyingi kwenye vijiti vya DDR4 vya gigabaiti 8, kipimo chake cha kawaida ni nanosekunde 350. Zidisha kwa mwendo, gawanya kwa 2000: kwa 3200 unapata 560. Chipu za gigabiti 16 ni nanosekunde 550, yaani 880 kwa mwendo huo huo. Ukikuta BIOS imeandika tarakimu iliyo chini sana ya hapo, ipandishe na upime tena.

Volti ndiyo ya mwisho. Palipoandikwa "DRAM Voltage", RAM za XMP za DDR4 huwa 1.35. Panda kwa 0.01 au 0.02 tu, pima, panda tena. Mimi husimama 1.40. Huko kwenye vyumba vyenye kiyoyozi watu huenda juu zaidi, lakini duka langu mwezi wa Machi ni tanuri, na volti inageuka joto, na joto linaongeza kuvuja kule nilikokueleza. Kuna RAM ambazo ukizipandishia volti makosa yanazidi. Ukiona hivyo rudi chini, usibishane nazo. Na usimpandishie volti RAM ya 1.2 isiyo na XMP ukitumaini miujiza.

Upande wa pili ni volti ya kidhibiti ndani ya prosesa, na hapa naomba uwe na adabu zaidi, maana ukiunguza hapa umeunguza prosesa. Kwenye Ryzen za soketi ya AM4 inaitwa "SoC Voltage": 1.10 hutosha karibu kila mara, na mimi sipiti 1.15. Kwenye Ryzen 7000 za AM5, baada ya prosesa kadhaa kuungua mwaka 2023, AMD iliweka kikomo cha 1.3, kama BIOS yako ni ya kabla ya hapo, isasishe. Kwenye Intel za kizazi cha 6 hadi cha 10 utaiona kwa majina ya VCCIO na VCCSA. Baadhi ya madabodi, zikiachwa "Auto" na XMP ikiwashwa, huzipandisha zenyewe kupita inavyohitajika. Ziandike kwa mkono: VCCIO 1.05 hadi 1.10, VCCSA 1.10 hadi 1.15. Mara nyingine kushusha ndiko kunakotuliza.

Kuhusu kusasisha BIOS: kunasaidia sana, hasa kwa Ryzen za mwanzo. Lakini usisasishe bila UPS (betri inayoshika umeme unapokatika). Umeme ukikatika katikati ya kuandika BIOS, madabodi inaweza isiwake tena.

Ikikataa kuwaka

Siku moja utaweka tarakimu na skrini itabaki nyeusi. Tulia. Iache ijaribu mara tatu nne. Madabodi nyingi hurudi zenyewe kwenye msingi. DDR5 hasa inaweza kukaa dakika kadhaa na skrini nyeusi ikijifunza RAM mpya, na anayeizima katikati huirudisha mwanzo. Isiporudi, chomoa umeme, toa betri ya CR2032 kwa dakika tano au gusisha pini za jampa ya kufuta CMOS (mahali BIOS inapohifadhi tarakimu zako), kisha washa. Kama kila asubuhi mashine imesahau tarehe na tarakimu zako zote, betri hiyo imechoka, au kikombe chake kimeshika kutu. Kabla ya kulaumu RAM, badilisha betri. Ni ya bei ndogo.

Mashine zisizo na ukurasa wa RAM

Kompyuta nyingi zinazofika kwetu ni za ofisini, zimetumika ng'ambo, na BIOS zake hazikuruhusu kugusa taimingi wala volti. Hapo dawa ni kulinganisha vijiti: uwezo, mwendo na ikiwezekana namba ya modeli iwe sawa. Laptopu ndizo zenye mtego mbaya. Za Intel kizazi cha 4 zinataka DDR3L ya volti 1.35. DDR3 ya kawaida ya 1.5 huingia kwenye sloti ile ile bila kipingamizi, kisha laptopu haiwaki, au inawaka na kukwama ovyo. Soma kibandiko: tafuta herufi L baada ya PC3. Kinyume chake si tatizo, kwa maana DDR3L hufanya kazi pia kwenye 1.5.

Pima wakati wa hari

Memtest86+ ikipita usiku, hiyo ni nusu ya kazi. Ndani ya Windows endesha OCCT au TestMem5, ambazo ni programu za kupima, kwa saa mbili, na ufanye hivyo saa nane mchana, dirisha lilivyo, kasha likiwa limefungwa. Nimeshakabidhi mashine iliyopita usiku kucha, ikaanguka siku ya pili adhuhuri, nikalazimika kumfuata mwenyewe hadi Shela kumwomba radhi. Kisha ifanyishe kazi yake halisi: ya video itoe video, ya hesabu ifungue vitabu vyake vyote.

Ya kijana ilitulia kwenye 2933, 18-20-20-40, tRFC 514, 2T, volti 1.36, SoC 1.10. Ilipita Memtest86+ mara sita, na mchana wake ikatoa video ya saa mbili pasi na kusita.

Tengeneza kilichoharibiwa

Hatua hii karibu kila mtu huiacha, nami ndiyo inayonikosesha usingizi. RAM yenye makosa haizimi kompyuta kila mara. Muda mwingi inaendelea na kazi huku ikiandika uongo kwenye diski, kimya kimya. Ndiyo maana nilisema nakala ulizozifanya mwanzoni ni za wasiwasi: zilipita ndani ya RAM hiyo hiyo.

Fungua dirisha la amri kama msimamizi, andika chkdsk C: /f, kubali kuwasha upya, kisha andika sfc /scannow ili Windows ijirekebishe. Ikisema imeshindwa, iweke upya, sasa itawekwa vizuri. Halafu pitia faili zako zote ulizozinakili tangu siku matatizo yalipoanza. Usitazame majina na ukubwa tu, zifungue.

Kijana alikaa kwenye baraza yangu alasiri nzima akifungua klipu moja moja. Tatu zilikuwa na mistari ya kijani katikati, mojawapo ya bibi harusi akishuka kwenye mashua. Kadi ya kamera alikuwa bado hajaifuta. Akazinakili upya, akazitazama mwanzo hadi mwisho, ndipo alipomwita mwenye punda.